UZI: Kuboresha seva ya zamani ya kuhifadhi data nyumbani, kipi kitangulie na kipi kisubiri

#1. Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa,

Nimefungua uzi huu kwa ajili ya mtu mwenye seva ya nyumbani iliyonunuliwa au kuunganishwa miaka kumi iliyopita au zaidi, yenye picha, nyaraka na video za familia nzima, ambayo bado inafanya kazi lakini imeanza kulemewa. Diski zimejaa, kunakili faili kubwa kunachukua muda mrefu, na mfumo endeshi mpya unalalamikia uhaba wa RAM. Wengi wakifika hapo huuliza wanunue prosesa gani au RAM kiasi gani. Naamini kuna swali linalopaswa kutangulia hayo yote, nalo ni kitu gani hasa kinachoibana mashine hiyo. Data husafiri kutoka kwenye sahani ya diski, ikapita kwenye kidhibiti, RAM, prosesa na kadi ya mtandao, mpaka imfikie mtumiaji. Kasi ya safari nzima huamuliwa na kituo kimoja kilicho dhaifu kuliko vingine, na fedha inayowekwa kwenye kituo kingine chochote haileti tofauti utakayoiona.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mtandao wa gigabiti 1 kwa sekunde, ambao ndio uliomo kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) nyingi za zamani, hupitisha kinadharia megabaiti 125 kwa sekunde, na baada ya kutoa gharama za itifaki hubaki kama 110 hadi 115. Diski moja ya kisasa ya inchi 3.5 husoma mfululizo megabaiti 150 hadi 250 kwa sekunde, kutegemea aina yake na kama kinachosomwa kiko ukingoni mwa sahani au karibu na kitovu. Kwa hiyo diski moja tu inatosha kuujaza mtandao huo, na mwenye diski nne zilizounganishwa pamoja tayari ana kasi ambayo waya wake hauwezi kuibeba. Mtu huyo akibadilisha prosesa, video yake itanakiliwa kwa kasi ileile ya jana. Vivyo hivyo, anayesikitika kwamba mazabodi yake ina SATA (njia inayounganisha diski na mazabodi) ya gigabiti 3 badala ya 6 hana hasara yoyote ikiwa anatumia diski za sahani, kwa sababu gigabiti 3 ni takriban megabaiti 300 kwa sekunde na diski zake hazifiki hapo.

Basi pima kwanza. Programu ya iperf3, ikiendeshwa kati ya seva na kompyuta nyingine, hupima mtandao peke yake bila kugusa diski. Programu ya fio, ikiendeshwa ndani ya seva, hupima diski bila kugusa mtandao. Hakikisha tu kwamba faili la majaribio ni kubwa kuliko RAM yote, la sivyo utakuwa unapima RAM ukidhani unapima diski. Kisha nakili faili kubwa kwa njia unayoitumia siku zote huku ukitazama mzigo wa prosesa, kiini kimoja kimoja. Jambo hili la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu Samba, programu inayozipa kompyuta nyingine faili za seva kupitia mtandao, hutumia mchakato mmoja kwa kila mtumiaji aliyeunganishwa, na prosesa ya viini vinne inaweza kuonyesha mzigo wa asilimia 25 wakati kiini kinachofanya kazi hiyo kimekwisha fika mwisho wa uwezo wake.

Kabla ya kufungua kasha, shughulikia nakala za akiba. RAID, yaani diski kadhaa kuunganishwa kuwa kundi moja ili moja ikifa data ibaki, haihesabiwi kuwa nakala, kwani inakukinga dhidi ya diski kufa na haikukingi dhidi ya faili kufutwa kwa bahati mbaya, virusi vinavyosimba faili kwa siri, radi, au mkono wako mwenyewe unapochomoa waya usio sahihi. Tena diski iliyozunguka miaka bila kusimama huwa katika hatari kubwa zaidi siku inapozimwa, ikapoa, kisha ikatakiwa kuanza upya. Kwa sababu hiyo soma taarifa za SMART (kumbukumbu za afya ambazo diski hujiwekea) za kila diski kwa programu ya smartctl wakati seva ingali inawaka, na uziandike mahali. Angalia hasa namba 5, ambayo ni sekta zilizohamishwa, namba 197, ambayo ni sekta zinazosubiri uamuzi, na namba 198, ambayo ni sekta zisizosomeka. Diski ambayo 197 yake inapanda siku hadi siku isipewe kazi ya kuwa chanzo pekee cha data. Namba 199 ina maana tofauti kabisa: ikipanda, mara nyingi kasoro iko kwenye waya wa data au plagi yake, na diski nzima nzima nyingi zimetupwa kwa kosa la waya.

Sasa nije kwenye kifaa ambacho watu hukikumbuka mwisho, nacho ni pawa saplai. Mimi ningekiweka mwanzo. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huvuta takriban ampea 2 kwenye njia ya volti 12, yaani karibu wati 25, ingawa ikishatulia hutumia wati chache tu. Diski sita zikianza pamoja zinadai karibu wati 150 katika sekunde za mwanzo, juu ya mahitaji ya mazabodi na prosesa. Pawa saplai iliyofanya kazi usiku na mchana kwa miaka kumi ina kapasita ambazo maji yake ya ndani yamekauka kwa joto, na uwezo ulioandikwa kwenye kibandiko chake si uwezo ilionao leo. Dalili zake hudanganya sana: diski hutoweka kwenye kundi na kurudi baada ya seva kuwashwa upya, au seva hukataa kuwaka ikiwa baridi na kukubali mara ya pili. Mwenye seva huilaumu diski, hununua nyingine, na baada ya wiki tatizo hurudi. Ikiwa unaongeza diski kwenye mashine ya umri huo, badilisha pawa saplai kwanza. Kama kidhibiti chako kinaruhusu kuziwasha diski kwa zamu, tumia nafasi hiyo.

Kuna mitego miwili ya umeme inayohusu diski mpya kwenye mashine ya zamani. Wa kwanza ni viunganishi vya kubadilisha plagi za zamani za Molex kuwa za SATA. Vile ambavyo nyaya zake zimezamishwa ndani ya plastiki iliyomiminwa vinajulikana kwa kupata shoti na kuungua, kwa hiyo chagua vile ambavyo kila waya umebanwa kwenye pini yake na unaonekana. Wa pili ni toleo la 3.3 la kiwango cha SATA, lililotoka mwaka 2016, ambalo liliipa pini ya tatu ya umeme kazi mpya: ikipokea volti 3.3, diski inayoutambua utaratibu huo hubaki imezimwa. Pawa saplai nyingi za zamani hupeleka volti 3.3 kwenye pini hiyo kila wakati, na mnunuzi hudhani ameuziwa diski iliyokufa. Dawa yake ni kuifunika pini hiyo kwa kipande chembamba cha utepe unaostahimili joto, au kutumia waya usio na volti 3.3.

Kuhusu diski zenyewe nitasema zaidi, kwa kuwa ndizo sababu ya seva kuwapo. Uliza kwanza namna zinavyoandika. Zipo diski za CMR, zinazoandika kila njia ya data mahali pake, na zipo za SMR, zinazoandika njia hizo zikipandana kama vigae vya paa ili data nyingi zaidi iingie kwenye sahani ileile. Kusoma kutoka SMR hakuna shida, ila kubadilisha kilichokwisha andikwa kunailazimu diski kuandika upya eneo zima, na inapotakiwa kuandika mfululizo kwa saa nyingi, kama inavyokuwa wakati wa kujenga upya kundi la RAID, kasi yake huanguka vibaya na wakati mwingine mfumo huiondoa kwenye kundi ukidhani imekufa. Mwezi Aprili 2020 kampuni ya Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red za terabaiti 2 hadi 6, zilizokuwa zikiuzwa kwa ajili ya seva za nyumbani, zilikuwa za SMR. Tangu hapo watengenezaji wamechapisha orodha za aina hizo, na hakuna sababu ya kununua bila kuangalia orodha husika kwa namba kamili ya toleo, maana jina la familia ya diski halitoshi.

Ukubwa nao una masharti yake. Mpangilio wa zamani wa kugawa diski, MBR, kwa sekta za baiti 512, hauwezi kuhesabu zaidi ya takriban terabaiti 2.2, kwa hiyo diski kubwa zaidi lazima zipangwe kwa mpangilio mpya wa GPT. BIOS (programu ya mazabodi inayoiwasha mashine) ya zamani inaweza kushindwa kuwasha mfumo kutoka kwenye diski ya aina hiyo, lakini hilo halipaswi kukukatisha tamaa, kwa sababu mfumo endeshi ukishaanza kutoka kwenye SSD ndogo, Linux au FreeBSD husoma diski kubwa kwa madereva yake bila kuitegemea BIOS. Kikwazo cha kweli ni baadhi ya kadi za zamani za diski. Zile zenye chipu ya SAS1068E haziwezi kuvuka terabaiti 2.2 hata ufanye nini, ilhali zile za SAS2008, kama LSI 9211-8i, zinavuka. Jambo dogo la mwisho ni matundu ya skrubu: diski nyingi za uwezo mkubwa hazina yale matundu ya katikati upande wa chini, na trei za zamani zilizoyategemea hazitaishika vizuri. Pima trei kabla ya kulipa.

RAM ina mtego unaowanasa watu wengi kwa sababu ya bei. RAM za seva kubwa zilizotumika, zile zenye chipu ya rejista, zinazoitwa RDIMM, huuzwa kwa bei ya chini, na zinaonekana sawa kabisa na RAM ya kawaida yenye ECC, yaani uwezo wa kugundua na kusahihisha makosa ya data. Zinaingia kwenye nafasi ileile, lakini mazabodi inayotaka RAM ya ECC isiyo na rejista haitawaka nazo. Soma kibandiko kwa makini. Kuhusu kiasi, ile kanuni ya gigabaiti 1 ya RAM kwa kila terabaiti 1 ya hifadhi kwenye ZFS, mfumo wa kupanga faili na kuunganisha diski, imerudiwa mpaka imeaminika kuwa sharti, nayo si sharti. ZFS hutumia RAM iliyopo kuweka data inayosomwa mara kwa mara, na ikipungua inapunguza tu akiba hiyo. Kwa nyumba inayohifadhi faili na kutazama video, gigabaiti 8 zinatosha. Ukiendesha programu nyingine juu ya seva hiyohiyo, nenda 16. Anayefikiria kuongeza SSD kama akiba ya pili ya kusomea ajaze RAM kwanza, maana akiba hiyo nayo hula RAM ili kukumbuka kilichomo ndani yake. ECC mimi naithamini kwenye mashine inayotunza kitu kisichopatikana tena, na kama mazabodi yako inaikubali, usiiache kwa ajili ya tofauti ndogo ya bei.

Mtandao ndipo wengi watakapoona badiliko kwa macho. Kiwango cha gigabiti 2.5, kilichoidhinishwa mwaka 2016 kama IEEE 802.3bz, hufanya kazi juu ya nyaya za Cat5e mpaka mita 100, kwa hiyo nyaya zilizomo ukutani hazibadilishwi. Kadi yake inahitaji njia moja tu ya PCIe 2.0 (nafasi ya kadi za ziada kwenye mazabodi), yenye megabaiti 500 kwa sekunde, na itakupa takriban megabaiti 280. Kumbuka kwamba swichi na kompyuta ya upande wa pili lazima nazo zifikie kiwango hicho. Gigabiti 10 ni nzuri, lakini diski nne za sahani haziwezi kuujaza mtandao huo isipokuwa kwa kazi chache sana.

Feni, vumbi, na dawa ya joto iliyokauka juu ya prosesa ni kazi ya jioni moja, na betri ya CR2032 ya mazabodi ibadilishwe siku hiyohiyo kwa kuwa kasha limekwisha funguliwa.

Karibuni kwa maswali. Tafadhali anayeuliza aandike aina ya mazabodi au seva, prosesa, RAM, idadi ya diski, na matokeo ya vipimo vile vitatu, ili tusijibu kwa kukisia.

#2. Mchangiaji

Shukrani kwa uzi huu, mkuu. Mimi ninayo HP ProLiant MicroServer Gen8, yenye prosesa ya Celeron G1610T, RAM gigabaiti 4 na diski nne za terabaiti 3. Diski zote nimezisimba kwa LUKS, usimbaji wa diski wa Linux. Nimepima kama ulivyoelekeza: mtandao unatoa megabiti 940 kwa sekunde, lakini kunakili faili hakufiki hata nusu ya hapo, na viini vyote viwili vya prosesa vinajaa. Je, bado unasema prosesa isubiri?

#3. Mwanzisha uzi

Hapana, mkuu, kwako prosesa itangulie, na vipimo vyako ndivyo vilivyosema hivyo. Celeron G1610T haina maagizo ya AES-NI, yale ambayo Intel ilianza kuyaweka kwenye prosesa zake mwaka 2010 ili usimbaji ufanywe na saketi maalumu. Bila maagizo hayo, kila baiti inayotoka au kuingia kwenye diski zako inasimbwa kwa hesabu za kawaida, na kwa kuwa diski zote nne zinafanya hivyo kwa wakati mmoja, viini viwili havina pa kupumulia.

Bahati yako ni kwamba Gen8 ina soketi ya LGA1155, tofauti na ndugu zake waliotangulia wa N36L, N40L na N54L ambao prosesa zao zimechomelewa kwenye ubao. Unaweza kuweka Xeon E3-1220L v2 ya wati 17 au E3-1265L v2 ya wati 45, na zote mbili zina AES-NI. Prosesa yako ya sasa ni ya wati 35 na kipoza joto chake hakina feni yake mwenyewe, kinategemea feni moja ya nyuma ya kasha. Kwa hiyo E3-1220L v2 itakaa bila wasiwasi wowote, nayo E3-1265L v2 itahitaji uangalie joto siku za mwanzo ukiipa mzigo mkubwa. Zile Xeon za wati 69 na zaidi ningeziepuka kabisa ndani ya kasha hilo, hasa ukikumbuka kwamba pawa saplai yake ni ya wati 150. Sasisha BIOS kabla ya kubadilisha prosesa, wakati ile ya zamani ingali mahali pake.

RAM ya mashine hiyo ni DDR3 ya ECC isiyo na rejista, katika nafasi mbili, mwisho gigabaiti 16. Weka vipande viwili vya gigabaiti 8 na usifikirie tena habari ya RAM. Nafasi za diski za kwanza na ya pili ni za gigabiti 6, za tatu na nne ni za gigabiti 3. Kwa diski za sahani, kama nilivyoeleza hapo juu, tofauti hiyo haikuhusu.

#4. Mchangiaji mwingine

Naomba kutofautiana kidogo. Ukijumlisha prosesa iliyotumika, RAM, pawa saplai na kadi ya mtandao, umekaribia bei ya mashine ndogo mpya inayotumia umeme mdogo zaidi. Seva ya zamani inawaka saa 24, na bili ya umeme ndiyo bei yake halisi. Sioni kwa nini tumshauri mtu aweke fedha kwenye ubao ambao mtengenezaji wake ameacha kuutolea hata masasisho ya usalama.

#5. Mwanzisha uzi

Hoja yako ni ya msingi na nakubali sehemu yake kubwa. Ifanyiwe hesabu: wati 1 inayotumika mwaka mzima bila kukoma ni kilowati-saa 8.76. Kama mashine ya zamani inatumia wati 40 zaidi ya mpya wakati imetulia, tofauti ni takriban kilowati-saa 350 kwa mwaka, na kila mmoja azidishe kwa bei ya umeme anayolipa, kisha alinganishe na bei ya mashine mpya. Mita ndogo ya kuchomeka ukutani itakupa namba yako halisi, kwani wati zilizoandikwa kwenye prosesa hazisemi mashine nzima inakula kiasi gani ikiwa haina kazi, na seva ya nyumbani hukaa bila kazi sehemu kubwa ya siku.

Ila angalia kwamba diski huhama pamoja nawe. Diski nne zinazozunguka hutumia umeme uleule ndani ya kasha jipya. Kwa mtu mwenye diski nane za terabaiti 2, punguzo kubwa kuliko yote mara nyingi linapatikana kwa kuzibadilisha kuwa mbili au tatu kubwa, hata kama ubao unabaki uleule. Kadi za SAS, zile za diski nilizozitaja mwanzo, nazo zihesabiwe: ile 9211-8i hula takriban wati 10 muda wote, na iliundwa kwa ajili ya upepo mkali wa seva za kwenye kabati, kwa hiyo ndani ya kasha la nyumbani iwekewe feni ndogo juu ya kipoza joto chake. Anayehitaji milango miwili au mitatu tu ya SATA achukue kadi ndogo yenye chipu ya ASM1166 au JMB585, na aepuke zile zinazogawa mlango mmoja kwa diski nyingi.

Mpaka wangu mimi ni huu. Ubao wa DDR2 au wa nyuma zaidi usitiliwe fedha yoyote isipokuwa betri na feni, ili uvuke salama mpaka siku ya kuhama. Ubao wa DDR3 wenye ECC, ulio na prosesa ya mwaka 2012 au baadaye, unastahili diski, pawa saplai na kadi ya mtandao, kwa sababu vitu hivyo vyote vitahamia kwenye mashine ijayo. Prosesa na RAM za DDR3 hazitahama, kwa hiyo zinunuliwe pale tu kipimo kinapozidai, kama ilivyo kwa ndugu wa hapo juu. Na suala la masasisho ya usalama ulilolitaja ni sababu nzuri ya kutoiweka seva hiyo wazi kwenye intaneti. Mlango wake wa usimamizi wa mbali, kama iLO, ubaki ndani ya mtandao wa nyumbani tu.

#6. Mchangiaji wa tatu

Mkuu, mimi nina ZFS ya RAIDZ1 (kundi linalovumilia kufa kwa diski moja) yenye diski nne za terabaiti 2, niliyoijenga zamani kidogo. Ninataka kuingia kwenye diski za terabaiti 8. Nimesoma kwamba naweza kubadilisha moja moja, na ya mwisho ikimalizika nafasi inaongezeka yenyewe. Je, ndiyo njia bora?

#7. Mwanzisha uzi

Njia hiyo ipo na inafanya kazi, mradi umewasha chaguo la autoexpand, lakini kwa hali yako nisingeitumia. Nina sababu tatu.

Kila unapoondoa diski moja kwenye RAIDZ1, kundi linabaki bila kinga yoyote mpaka ile mpya imalize kujazwa, na unalirudia hilo mara nne juu ya diski zilizozeeka pamoja. Kama una mlango wa SATA wa ziada, chomeka diski mpya bila kuitoa ya zamani na uamuru ubadilishaji zote mbili zikiwa ndani. Hapo kinga inabaki. Wengi hawana mlango huo.

Sababu ya pili ni mpangilio wa sekta. Makundi ya ZFS yaliyojengwa zamani huweza kuwa na ashift ya 9, yaani sekta za baiti 512, na diski za leo ndani yake zinafanya kazi kwa sekta za baiti 4096. ZFS inaweza kukataa kuipokea diski mpya, au ukiilazimisha, uandishi utakuwa wa polepole maisha yote ya kundi hilo, kwani ashift haibadilishwi baada ya kundi kujengwa. Angalia ya kwako kwa amri ya zdb kabla ya kuagiza chochote.

Ya tatu ni kinga baada ya kuhama. Diski ya terabaiti 8 ikiandikwa kwa wastani wa megabaiti 150 kwa sekunde huchukua karibu saa 15 kujaa, na kundi lenye mzigo wa kila siku huchukua muda zaidi. Watengenezaji wa diski nyingi za nyumbani huandika kwamba makosa ya data kutosomeka hayatazidi moja kwa kila biti 10 kwa kipeo cha 14, yaani takriban terabaiti 12.5 za kusoma. Diski halisi kwa kawaida hufanya vizuri kuliko hapo, lakini kujenga upya RAIDZ1 ya diski nne za terabaiti 8 zilizojaa kunahitaji kusoma terabaiti 24 bila kosa hata moja, na mimi sipendi kuziweka picha za familia juu ya tegemeo hilo. Kwa diski nne kubwa ningechagua RAIDZ2, inayovumilia kufa kwa diski mbili, au jozi mbili za kioo (kila jozi ni diski mbili zenye data ileile), ambazo nafasi yake ni ileile ya terabaiti 16 na kujengwa upya kwake ni kwa haraka zaidi. Na RAIDZ1 haigeuki kuwa RAIDZ2. Toleo la OpenZFS 2.3 la Januari 2025 limeleta uwezo wa kuongeza diski kwenye RAIDZ iliyopo, ila kiwango cha pariti, yaani idadi ya diski zinazoweza kufa bila data kupotea, kinabaki kilivyokuwa.

Kwa hiyo jenga kundi jipya kando, hata kama ni kwa kuazima mashine nyingine kwa siku chache, uhamishe data kwa amri ya zfs send, kisha uendeshe scrub (ukaguzi wa data yote) juu ya kundi jipya. Zile diski za zamani zichomolewe zikiwa nzima, ziandikwe mpangilio wake, na zikae kama nakala mpaka uridhike. Diski mpya nazo zisipokee data siku ya kwanza. Zipitishe kwenye programu ya badblocks kwa kuandika na kusoma zote, jambo litakalochukua siku kadhaa kwa terabaiti 8, kisha uendeshe jaribio refu la SMART na utazame tena namba 5, 197 na 198. Diski yenye kasoro ya kiwandani mara nyingi hujionyesha hapo, wakati bado unaweza kuirudisha.

#8. Mchangiaji wa tatu tena

Asante kwa majibu. Swali la mwisho kuhusu pawa saplai. Nimepata mpya ambayo nyaya zake huchomolewa upande wa pawa saplai yenyewe, na ile ya zamani nayo ni ya namna hiyo. Nyaya za diski za zamani zimekwisha pangwa vizuri ndani ya kasha na zina plagi nyingi zaidi. Je, naweza kuziacha na kuzichomeka kwenye hii mpya?

#9. Mwanzisha uzi

Usifanye hivyo, mkuu, hata kama plagi zinaingia bila nguvu. Upande wa diski una kiwango kimoja kinachofuatwa na wote, lakini upande wa pawa saplai hauna, na kila mtengenezaji hupanga pini zake apendavyo, wakati mwingine kwa tofauti kati ya matoleo yake mwenyewe. Waya wa toleo jingine unaweza kupeleka volti 12 mahali ambapo diski inatarajia volti 5, na diski zote zilizo kwenye waya huo zikaungua kwa pamoja mara tu unapowasha, zile za kinga zikiwamo. Tumia nyaya zilizokuja na pawa saplai hiyo peke yake. Zikipungua, agiza za ziada kutoka kwa mtengenezaji kwa namba kamili ya toleo lako, na kabla ya kuunganisha diski yoyote pima kila plagi kwa mita: volti 5 na volti 12 ziko mahali pake, na ardhi iko mahali pake. Nyaya za zamani zitoke ndani ya kasha siku ileile inayotoka pawa saplai ya zamani, zifungwe pamoja nayo na kuandikwa, ili asije mtu mwingine nyumbani akazichomeka baadaye.